Mtakatifu Martino katika Nguo ya Dhahabu
Somo kwa walimu wa mitaa na wasomaji wote

Maandiko ya kusoma kwanza: Kutoka 35:30–35, Mathayo 25:31–46, Matendo 9:36–42, Waebrania 11:32 mpaka 12:2.



Katika nchi ya Rufiji, tangu Kibiti mpaka vijiji vya delta vilivyo kati ya mikoko, Wakristo ni wachache kati ya jirani zao Waislamu. Kwa hiyo mwalimu wa kanisa aweza kuulizwa maswali ambayo mwenzake wa mahali penye Wakristo wengi haulizwi mara kwa mara. Swali moja ni hili: Mbona Wakristo hutia sura za watu katika nyumba ya Mungu? Je, wanawaabudu watu hao?

Mwingine atajibu upesi ya kuwa mambo hayo ni ya madhehebu mengine, wala sisi Walutheri hatunayo. Jibu hilo ni rahisi, lakini si kweli yote. Maana yako makanisa ya Kilutheri huko Ulaya ambayo kwa miaka mamia yametunza nguo za ibada zilizoshonwa sura za watakatifu kwa hariri na dhahabu. Basi yatupasa kujua nguo hizo ni nini, zilifanywaje, na kwa nini baba zetu wa imani hawakuzitupa motoni. Ndiyo shabaha ya somo hili.

I. TARAZA NI KAZI GANI

Wasomaji wa Biblia wanalijua neno taraza kwa kitabu cha Kutoka, palipoandikwa habari za hema na za mavazi ya Haruni. Taraza ni mapambo yatiwayo katika nguo kwa sindano na uzi, nguo yenyewe ikiisha kufumwa. Mungu aliwajaza Bezaleli na Oholiabu akili ya kazi hiyo, wapate kuifanya na kuwafundisha wengine. Basi ustadi wa mikono umehesabiwa katika Maandiko kuwa karama, wala si jambo la kudharauliwa.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana. Wanazijua kofia zishonwazo kwa mkono, tundu kwa tundu, mpaka nakshi itokee; tena wanaujua mshono wa hariri shingoni mwa kanzu. Hata mikeka ya Rufiji, ingawa si taraza, yatufundisha neno moja. Wanawake huchana ukindu, huutia rangi, husuka ukili mwembamba ulio mrefu, ndipo hushona ukili kwa ukili mpaka mkeka upate upana wake. Ukitazama ukili mmoja peke yake, hutaitambua nakshi yote. Hutambulikana vipande vikiisha kuunganishwa. Kazi ya Flanders, tutakayoisoma sasa, ilikuwa na desturi kama hiyo.

II. NCHI YA FLANDERS

Flanders ni nchi ya tambarare kando ya bahari ya kaskazini. Sehemu yake kubwa leo imo katika Ubelgiji. Miji yake mikubwa ya zamani, Bruges na Ghent na Ypres, ilipata utajiri kwa kufuma nguo za sufu. Katika miaka ya 1400 nchi hiyo, pamoja na nchi zilizo jirani, ilitawaliwa na watawala wa Burgundy. Mmoja wao, Philip aliyeitwa Mwema, alitawala tangu 1419 hata 1467. Mwaka 1430, katika mji wa Bruges, aliweka chama cha wakuu wenye heshima, kilichoitwa Chama cha Ngozi ya Dhahabu.

Kwa ajili ya ibada za chama hicho zilifanywa nguo nane, ambazo zipo hata leo mjini Vienna, katika nyumba ya hazina. Majoho makubwa ni matatu, mavazi ya kasisi na wasaidizi wake ni matatu, na vitambaa vya altare ni viwili. Uso wa nguo umegawanywa vyumba vyenye pembe sita, kama sega la nyuki, na katika kila chumba amewekwa mtakatifu mmoja. Mtu akiitazama nguo hiyo aona mkutano wa manabii, mitume, mashahidi na mabikira, safu juu ya safu.

Mali ya kufanyia kazi hiyo ilitoka mbali. Hariri ililetwa kwa njia ya biashara kutoka nchi za kusini na za mashariki. Dhahabu nyingi ya Ulaya siku zile ilitoka Afrika ya Magharibi, ikivuka jangwa la Sahara juu ya ngamia, kama vile dhahabu ya Sofala ilivyopita Kilwa ikienda ng'ambo. Basi tusidhani ya kuwa nguo hizo ni habari ya Wazungu peke yao. Jasho la Waafrika wasiojulikana limo ndani yake pia.

III. NAMNA YA KUZIFANYA

Kwanza mchoraji alichora sura. Wachoraji wa nchi ile walikuwa hodari sana. Jan van Eyck na Rogier van der Weyden ni wa zamani zile zile, na watia taraza walijifunza kwa kazi za watu wa namna hiyo. Kisha kitani kiliwambwa juu ya mti wa pembe nne, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma, kisilegee.

Uzi wa dhahabu haukuwa dhahabu tupu. Ulikuwa utepe mwembamba wa fedha iliyopakwa dhahabu, ukazungushwa juu ya uzi wa hariri. Nyuzi hizo zililazwa juu ya kitani, moja kando ya nyingine, toka ukingo hata ukingo. Hazikupitishwa ndani ya nguo, zisije zikakatika; zilifungwa juu yake kwa mishono midogo ya hariri yenye rangi. Hapo ndipo ulipo ustadi wote. Palipotakiwa kivuli, mishono ya hariri ilisongamana hata dhahabu isionekane. Palipotakiwa nuru, mishono iliachana, na dhahabu ikang'aa katikati. Hivyo kunjo za joho zilitokea kwa namna ya kusonga na kuachanisha mishono tu. Nyuso na mikono zilishonwa kwa hariri laini peke yake. Vipande vikiisha, vilishonwa juu ya vazi, kama ukili uingiavyo katika mkeka.

Haba na haba hujaza kibaba. Mishono ya vazi moja haihesabiki, na majina ya wengi walioishona hatunayo. Jina la mtawala aliyelipa limeandikwa katika vitabu. Mikono iliyofanya kazi inajulikana na Mungu.

IV. HABARI YA MARTINO

Kati ya kazi za sindano za nchi zile, ziko zinazosimulia maisha ya Mtakatifu Martino. Zilifanywa karibu na mwaka 1430. Baadhi yake ni duara ndogo, na nyingine zina umbo la mlango wa tao. Hapana anayejua kwa hakika zilikuwa zimeshonwa katika nguo gani. Leo zimetawanyika katika nyumba za makumbusho, nyingine New York, nyingine Lyon katika Ufaransa. Tumemchagua Martino, maana habari yake yatuhusu kwa njia nyingi.

Martino alizaliwa Pannonia, katika nchi iitwayo leo Hungaria, katika karne ya nne. Baba yake alikuwa askari wa Rumi, naye mwana akatiwa katika uaskari. Hakuwa amebatizwa bado. Alikuwa mwanafunzi wa ubatizo tu. Sulpicius Severus, aliyemjua Martino na kuandika maisha yake, asimulia ya kuwa wakati mmoja wa baridi kali, iliyowaua watu wengi, Martino alikutana na maskini uchi mlangoni pa mji wa Amiens. Watu walikuwa wakipita wasimjali. Martino hakuwa na kitu isipokuwa silaha zake na joho lake, kwa kuwa vingine alikuwa amekwisha kuwapa wengine. Akafuta upanga, akalikata joho vipande viwili, akampa maskini nusu, naye akajifunika nusu iliyobaki. Watu wengine waliosimama pale walicheka, kwa kuwa alionekana wa ajabu katika nguo iliyokatwa.

Usiku ule akaota ndoto, akamwona Kristo amevaa ile nusu ya joho, akiwaambia malaika ya kuwa Martino, ambaye hajabatizwa bado, ndiye aliyemvika. Kisha Martino akabatizwa. Mwaka 371 alifanywa askofu wa Tours, akafa mwaka 397, akazikwa siku ya 11 Novemba.

Angalieni sasa, ndugu walimu. Martin Luther alizaliwa 10 Novemba 1483, na kesho yake akabatizwa. Ilikuwa siku ya Martino, ndiyo maana akapewa jina hilo. Tena joho la Martino lilitunzwa na wafalme wa Wafranki kama kitu cha heshima. Kwa Kilatini joho ni cappa, na mahali lilipowekwa paliitwa capella. Nalo ndilo neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hutumia kwa kanisa dogo. Jina la nyumba ya sala limetoka katika nguo aliyogawiwa maskini.

V. KWA NINI WALISHONA WATAKATIFU

Zamani zile watu wengi hawakujua kusoma. Vitabu viliandikwa kwa mkono, na bei yake ilikuwa kubwa. Kwa hiyo sura zilisaidia kukumbuka, na kila mtakatifu alipewa alama yake ili atambulikane. Petro ana ufunguo; Paulo ana upanga; Andrea ana msalaba uliolala kwa mshazari; Yakobo ana kombe la pwani; Bartholomayo ana kisu; Yohane Mbatizaji ana mwana-kondoo. Katarina ana gurudumu, Barbara ana mnara, Laurentio ana chanja ya chuma, na Maria Magdalena ana chombo cha marhamu. Martino hutambulikana kwa upanga na joho lililokatwa.

Tazameni ya kuwa alama nyingi ni vyombo vya mateso. Chanja ya Laurentio ni ile ambayo, kama isimuliwavyo, alichomwa juu yake. Kisu cha Bartholomayo ndicho kilichomchuna ngozi. Hivyo mwenye kujua kusoma alama hizo aliona darasa la waaminifu waliovumilia, kama waraka kwa Waebrania uwatajavyo mashahidi watuzungukao kama wingu.

Lakini hatari ilikuwapo, nayo ilikuwa kubwa. Watu walipiga magoti mbele ya sura, wakawaomba watakatifu wawape walichopaswa kumwomba Mungu. Tena matajiri walidhani ya kuwa kwa kutoa nguo ya dhahabu wamejinunulia thawabu mbinguni. Hapo picha ilikuwa imeacha kufundisha. Ilikuwa imekuwa kizuizi.

VI. UGOMVI JUU YA SURA

Mwanzo wa mwaka 1522, Luther alipokuwa amefichwa Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuziondoa sura makanisani kwa nguvu. Luther akarudi, na mwezi wa Machi akahubiri siku nane mfululizo. Alisema ya kuwa sura si kitu cha lazima wala si kitu kilichokatazwa, ila kuziabudu kumekatazwa. Asiyezipenda aweza kuishi bila ya hizo. Lakini kuzivunja kwa ghasia hakumwondoi mungu wa uongo moyoni. Neno likihubiriwa vema, sura zitapoteza nguvu zake zenyewe. Tena alisema jambo lililo zito kuliko hayo: ya kuwa afadhali mtu ampe maskini sarafu ya dhahabu kuliko kumwekea Mungu sanamu ya dhahabu kanisani.

Mwaka 1530 Ungamo la Augsburg, katika fungu la 21, lilieleza ya kuwa watakatifu waweza kukumbukwa, tupate kuifuata imani yao na matendo yao mema, kila mtu katika wito wake. Lakini tusiwaombe, kwa kuwa mpatanishi ni Kristo peke yake. Huo ndio mpaka wetu mpaka leo.

Katika Flanders mambo yalikwenda njia nyingine. Mwezi wa Agosti 1566 ghasia ilianza Steenvoorde, siku ya kumi, na baada ya siku kumi ikafika Antwerp. Watu wengi wa upande wa Calvin wakavunja sanamu, wakararua picha na nguo za kanisa. Lakini mjini Halberstadt katika Ujerumani, kanisa kuu lilipopokea Matengenezo, nguo za zamani hazikutupwa. Zimetunzwa, na hata leo watu huenda kuziona, ingawa hapana aziombaye. Huu ni ushuhuda mwema: mtu aweza kuiacha ibada isiyo sawa, asiharibu kazi ya mikono ya waliomtangulia.

VII. NGUO YA THAMANI NA JIRANI ALIYE UCHI

Sasa twafika penye ugumu wa somo hili. Martino aliikata nguo yake kwa ajili ya maskini. Baada ya miaka elfu na zaidi, watu wakamshona Martino huyo huyo kwa dhahabu, katika nguo ambayo hapana askofu angeikata kwa upanga. Je, walimheshimu au walimsahau?

Hatuwezi kuwahukumu wafu. Lakini Rufiji nayo imeona ya kuwa nguo huweza kugharimu damu. Mwaka 1902 serikali ya Wadachi ilianza mashamba ya pamba ya pamoja katika pwani hii, na watu wakalazimishwa kuyalima kwa ujira usio ujira. Pamba ilitakiwa na viwanda vya Ulaya. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, kusini ya mto, watu waling'oa pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile wa Ngarambe, aliyewapa watu maji, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule. Vita viliendelea mpaka 1907, na watu maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa. Mwenye kuvaa shati ya pamba Ulaya siku zile hakuyajua haya. Basi mtu akiisifu nguo, na aulize pia: Ni nani aliyeilipia?

Tena Aprili 2024 mafuriko makubwa yalifunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Watu walitoka katika maji na nguo walizovaa tu. Siku ya namna hiyo, mlango wa Amiens uko kijijini kwetu. Mwenye kuhitaji nguo haulizwi kwanza dini yake. Martino hakumwuliza yule maskini. Wala mwanafunzi wa ubatizo asiseme ya kuwa kazi hii ni ya wazee wa kanisa, maana Martino mwenyewe alikuwa mwanafunzi bado.

Je, yatupasa kuacha kupamba kanisa? Sivyo. Bwana ndiye aliyempa Bezaleli akili, na kitambaa cha altare kilichoshonwa vizuri na mama wa usharika ni sifa kwa Mungu. Lakini Dorkasi anakumbukwa katika Maandiko kwa sindano iliyowavika wajane. Wajane hao walisimama wakilia, wakionyesha kanzu na nguo alizowashonea. Sindano ni moja. Na iende kotekote, altareni na kwa mjane. Ikiwa uzi hautoshi kwa yote mawili, Martino na Luther wote wawili wametuonyesha pa kuanzia.

VIII. JIBU KWA JIRANI

Basi jirani akikuuliza, usimjibu kwa hasira wala kwa kuona haya. Mwambie hivi: Hatumwabudu mtu ye yote, wala hatumwombi aliyekufa. Mungu ni mmoja, na ibada ni yake. Lakini twawakumbuka watu waliomwamini kabla yetu, tupate kujifunza kwao. Ukimwonyesha picha ya Martino, msimulie habari ya maskini wa Amiens. Jirani Mwislamu anayejua wajibu wa sadaka hatashindwa kuielewa. Kisha akitaka kujua kama wayaamini uyasemayo, hatatazama ukuta wa kanisa. Atatazama mlango wa nyumba yako siku ya mvua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taraza ni kazi gani, na ni kazi zipi za mikono katika nchi yetu zinazofanana nayo?
2. Eleza jinsi mtia taraza alivyofanya kivuli na nuru kwa uzi wa dhahabu na hariri.
3. Kwa nini mitume na mashahidi wengi walishonwa pamoja na chombo cha mateso yao?
4. Luther alifundisha nini juu ya sura mwaka 1522? Linganisha na mambo ya Flanders ya mwaka 1566.
5. Ungamo la Augsburg lapita wapi kati ya kuwakumbuka watakatifu na kuwaomba?
6. Ikiwa usharika wenu una fedha ya kitambaa kipya cha altare, na katika kijiji wako watu walionyang'anywa nguo zao na mafuriko, mtafanyaje? Kila mtu atoe sababu zake kwa Maandiko yaliyosomwa.

Bwana na awape akili za kufundisha na mikono ya kugawa.